Mshika Kamba

"Alikuwa anakula sana?" wakili aliuliza.

Dobi alidhani hakusikia vizuri. Chini ya ofisi ile palikuwa na duka la magodoro, na muuzaji alikuwa akiyapigapiga kwa ubao mbele ya wateja ili kuwaonyesha kwamba hayana vumbi.

"Nani?"

"Marehemu. Nyumbani, alikuwa mlaji?"

"Alikula kama watu."

"Watu wanatofautiana, mama." Wakili aliegemea kiti, akamweleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuwaeleza wajane wengi. Sheria ililipa kile ambacho familia imepoteza. Mshahara wa marehemu ulikuwa umepotea, hilo halikuwa na ubishi. Chakula alichokuwa akila, kwa upande mwingine, kilikuwa kimeokolewa, pamoja na nguo zake, sabuni yake na sigara zake kama alivuta. Hivyo vyote vilitolewa kwanza, na kilichobaki ndicho kilichoitwa hasara. "Nikiandika alikuwa mlaji, nitakupunguzia mwenyewe. Nikiandika alikuwa hali, hawataamini, maana alikuwa anafanya kazi ya nguvu. Ndiyo maana nauliza."

"Alikuwa anaacha," Dobi alisema baada ya kufikiri. "Anakula nusu, anamwachia binti yake."

"Safi," wakili alisema, akaandika.

Mtaani watu walimwita Dobi kwa sababu alifua nguo za wengine, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwa wazazi wake na kwenye karatasi. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa vihenge, ile minara ya bati ambamo kampuni ya nafaka ilihifadhi mahindi. Kazi yake ilikuwa kuingia ndani. Mahindi yakikaa muda mrefu hushikana na kuganda kwenye kuta, na lazima mtu ateremke na upondo kuyaangusha ili yaweze kutoka kwa mlango wa chini. Mtu huyo hufungwa kamba kiunoni, na juu, kwenye tundu la paa, hukaa mwenzake anayeishika. Mahindi yanayotiririka humvuta mtu kama tope, na asipovutwa juu upesi humfunika. Mume wa Dobi alikuwa amefunikwa. Ilibidi wakate bati kwa moto ili wamtoe.

"Sasa sikiliza," wakili alisema. "Tuna njia mbili. Ya kwanza, tunasema kampuni ilizembea. Mlango wa chini ulifunguliwa mtu akiwa ndani, usimamizi mbovu, vifaa vibovu, na kadhalika. Hiyo ni kesi ya kweli. Kampuni itapigana kufa na kupona, maana ikishindwa wakaguzi wanafunga vihenge vyote. Binti yako yuko darasa la ngapi?"

"La tano."

"Hukumu itatoka akiwa na watoto wake. Njia ya pili ni fupi. Kampuni inasema mshika kamba aliiacha kamba. Sisi tunasema sawa, aliiacha. Kosa la mfanyakazi akiwa kazini hulipwa na mwajiri, na mwajiri ana bima. Kampuni haitoi hata senti, vihenge vinaendelea, nawe unapata haki yako kabla ya mvua."

"Na yeye mshika kamba?"

"Yeye ameshafukuzwa."

"Najua ameshafukuzwa. Ni shemeji yangu. Mdogo wa marehemu. Tunakaa nyumba moja."

Wakili aliweka kalamu chini. Ilikuwa wazi kwamba jambo hilo halikuwemo katika maelezo aliyopewa, na ilikuwa wazi pia kwamba lilikuwa limemsumbua kwa muda usiozidi ule wa kuiokota tena kalamu.

"Atafungwa?" Dobi aliuliza.

"Si lazima. Polisi wakiona pande zote zimeridhika, huwa na mengine ya kufanya. Lakini kazi ya maana hataipata tena. Jina lake litakuwa limeshaandikwa."

"Mimi sijui kama aliiacha."

"Ndiyo maana nakushauri usimuulize," wakili alisema.

*

Alimuuliza alasiri ileile, uani, walipokuwa wakikamua mashuka.

Tangu amwage unga kule vihengeni, Shemeji alikuwa akimsaidia kazi zinazotaka watu wawili. Shuka la nyumba ya wageni haliwezi kukamuliwa na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha hii na mwingine ile, wanalisokota kila mtu upande wake, na maji hutoka kwa mkupuo katikati. Mama mkwe wa Dobi alikuwa upande wa mbele wa nyumba, mlangoni, akipima mkaa wa kuuza kwa kopo. Walimsikia akigombana na mteja aliyetaka kopo lijazwe mpaka lifanye kilima.

"Shemeji, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika. Uliza."

"Uliiacha kamba?"

Shemeji aliendelea kusokota. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye, kama ameiazima.

"Nani amesema?"

"Kampuni. Na wakili wangu anasema tukubali."

"Huyo wakili unamlipa?"

"Tukipata, na yeye anapata. Robo."

"Kwa robo hata mimi ningesema niliiacha."

"Nimekuuliza wewe. Mzaha weka pembeni."

"Sikuiacha. Nilikuwa nayo mkononi mpaka walipokuja kunibandua vidole, kimoja kimoja. Tatizo ni kwamba upande wa pili hapakuwa na mtu." Alilitupa shuka lililokamuliwa ndani ya beseni, akachukua jingine, akampa ncha. "Alijifungua mwenyewe. Nilimwona. Nilimpigia kelele, lakini mnyapara alikuwa ameshafungua mlango wa chini kwa sababu kuna lori linasubiri. Ukiwa mle ndani na mlango umefunguliwa, husikii hata ukiitwa na Mungu."

"Alijifungua kwa nini?"

"Gamba la mahindi yaliyoganda lilikuwa upande wa mbali. Kamba haikufika."

"Kamba ya kampuni haikufika?"

"Zamani ilifika, tena ikabaki ya kukalia." Kisha akasema kwa haraka, "Shemeji, achana na hayo. Chukua hizo pesa. Mimi nitajua pa kwenda."

"Kwa nini haikufika?"

Shemeji alitazama juu ya kichwa cha Dobi, na Dobi akageuka kuona nani amekuja. Aliona mashuka yaliyotangulia, meupe, yamejaa upepo. Kisha akaona yalikuwa yametundikwa juu ya nini.

Kulikuwa na kanuni katika vihenge, na yenyewe ilikuwa kanuni nzuri. Ncha ya kamba ikichakaa lazima ikatwe, kwa sababu fundo la kamba iliyochakaa huteleza. Kipande kilichokatwa kiliitwa mkia, na mkia ulikuwa wa yule aliyeukata. Hakuna aliyeuita wizi. Ulikuwa sehemu ya kazi, kama vumbi, na ulipatikana bila kuombwa. Isipokuwa kamba ile ilikuwa imara mno, na watu wale walikuwa na mahitaji mengi ya kamba, kwa hiyo ikatokea kwamba uchakavu ulizidi kupanda. Leo ilichakaa ncha, kesho ikaonekana imechakaa juu kidogo ya ncha. Katika nyumba za nyuma ya vihenge, mbuzi, ndoo za kisima, mageti na mabati ya paa vilishikiliwa vyote na kamba moja, na kamba hiyo bado ilikuwa ikitumika kazini.

Dobi alikuwa na mistari miwili ya mkonge iliyokatika kila alipoanika blanketi. Alimwomba mume wake mkia mmoja, akaletewa. Akaomba wa pili. Halafu mwenye nyumba ya wageni akampa kazi ya mashuka, na mashuka yalitaka mstari wa tatu, mrefu, kutoka ukuta hadi ukuta. Mumewe alimwambia angoje kamba ichakae. Haikuchelewa kuchakaa.

"Ule wa mwisho ulikuwa mrefu," Dobi alisema.

"Ulikuwa mrefu. Nilimwambia. Akasema, mke wangu amepata kazi ya mashuka."

Shuka lilikuwa bado kati yao, limesokotwa, maji yamekwisha kutoka. Hakuna aliyelilegeza.

"Mnyapara alijua?"

"Anao wa kwake, amefungia tangi la maji. Siku ileile alinishika bega akaniambia: ukisema kamba ni fupi, utasema na walioikata, na wa kwanza ni marehemu. Mjane hatapata kitu, maana marehemu ni mwizi wa mali ya kampuni. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza kwa ajili yangu."

"Hapana," Shemeji alisema. "Nilinyamaza kwa sababu walinisimamia watu wengi na nilikuwa natetemeka. Hayo ya ajili yako nimeyafikiria baadaye."

*

Asubuhi yake Dobi aliiteremsha mistari yote mitatu, akaikunja na kuisukuma chini ya kitanda. Alinunua mkonge dukani. Mama mkwe wake, ambaye hakuwa na desturi ya kumsifia mtu matumizi, alisimama mlangoni akimtazama akifunga mafundo.

"Kamba nzuri unaificha, unafunga uzi. Unamngojea mgeni gani wa kumwonyesha ile nyingine?"

"Ile imechakaa, mama."

"Imechakaa lini? Kamba ile itatuzika sote."

Mkonge ulikatika mchana, mashuka yakalala kwenye tope la bomba. Mwenye nyumba ya wageni alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, aliyejua kuonyesha huruma kwa namna ya kumfanya mtu atamani matusi. Aliinua ncha ya shuka kwa vidole viwili.

"Pole sana na msiba," alisema. "Mimi najua akili ya mtu mwenye msiba haitulii. Ndiyo maana nimeona nikupumzishe kidogo. Haya uyarudie bila malipo, na hii kazi nimpe mwingine mpaka utakapokuwa sawa."

"Niko sawa, dada."

"Hauko sawa. Tazama." Akaachia shuka.

Binti wa Dobi alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mwalimu mkuu alikuwa amesema shule inaheshimu msiba, na kwamba imeuheshimu kwa muda wa kutosha. Shemeji alikwenda kuomba kibarua cha kupakia saruji. Msimamizi akamuuliza kama yeye si yule aliyemwachia kaka yake kamba, akamwambia aende akapumzike. Kabla ya wiki kwisha, Dobi aliingia chini ya kitanda, akaitoa kamba na kuifunga tena ukutani. Alimwendea mwenye nyumba ya wageni, akaomba msamaha mbele ya wapishi na akapewa nusu ya mashuka. Shemeji alipotokea uani na kuiona mistari imerudi, alishika ncha yake ya shuka.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?" Dobi alimuuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu baraza la usuluhishi. Wametuita sote wawili."

"Mimi si wewe. Mimi nimeitwa mshtakiwa na wewe umeitwa mlalamikaji. Kila mtu aende na jina lake."

"Utasema nini?"

"Nitasema nitakachoulizwa."

Dobi aligundua kwamba alikuwa akimchukia kidogo kwa kutomwamulia.

*

Baraza lilikaa katika jengo la serikali ambalo lifti yake ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwamba ni mbovu. Walipanda ngazi. Wakili alimvuta Dobi kando ya ukumbi ili ampe maagizo ya mwisho, ambayo yalikuwa kujibu kwa kifupi, kutolia mapema, na kumwita msuluhishi "mheshimiwa" ingawa hakuwa na haki ya kuitwa hivyo.

"Wakili," Dobi alisema, "kamba ilikuwa fupi."

Wakili alitazama ukumbi upande huu na upande ule.

"Fupi kwa nini?"

"Ilikatwa."

"Na nani?"

Dobi alinyamaza. Wakili hakuwa mjinga. Alimpa muda wa kunyamaza kiasi cha kutosha, kisha akazungumza kwa sauti ya chini, na kwa kiasi fulani cha heshima.

"Nisikilize vizuri. Kampuni imeandika kwamba kamba hukaguliwa kila mwezi na kwamba ni kamili. Hawawezi kusema ni fupi bila kukiri kwamba hawajaikagua. Wewe huwezi kusema ni fupi bila kuulizwa ilikwenda wapi. Shemeji yako akisema, ataonekana anajitetea. Katika chumba kile hakuna mtu hata mmoja anayehitaji kamba fupi. Kwa hiyo ni ndefu. Umenielewa?"

"Lakini ilikuwa fupi."

"Ilikuwa. Twende, tunaitwa."

Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Upande wa kampuni alikaa ofisa utumishi, kijana mwenye tai, na kando yake mtu wa bima, aliyekuwa amevaa vizuri kupita wote na aliyeonekana kuwa na haraka ya kwenda mahali pengine. Shemeji alipewa kiti peke yake, mbali kidogo na meza. Alikuwa amevaa koti la kaka yake. Dobi alikuwa amelifua na kulipiga pasi yeye mwenyewe, na hakukumbuka kwamba lilikuwa la marehemu mpaka alipoliona limekaa kwenye kile kiti.

Ofisa utumishi alianza kwa kusema kwamba kampuni imeguswa sana na kwamba kampuni ni familia. Msuluhishi alipenga kamasi, akamwomba aendelee na yaliyo muhimu.

"Yaliyo muhimu, mheshimiwa, ni kwamba vifaa vilikuwa kamili. Kosa lilikuwa la kibinadamu."

"Haya." Msuluhishi alimgeukia Shemeji. "Wewe ndiye uliyekuwa mshika kamba?"

"Ndiye."

"Kampuni inadai uliiacha kamba. Ni kweli?"

Shemeji alimtazama Dobi. Hakumtazama kwa kumwomba kitu, wala kwa kumlaumu; alimtazama kama mtu aliyefika njia panda na kumkuta mwenyeji wa pale. Dobi aliinamisha macho, akaona viatu vyake mwenyewe. Akajua kwamba amekwisha kujibu.

"Ni kweli," Shemeji alisema. "Niliiacha."

"Kwa nini?"

Hilo hakuwa amelitayarisha. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya magoti, na aliitazama kana kwamba yenyewe ingemwambia.

"Mkono uliniwasha."

"Mkono ulikuwasha."

"Vumbi la mahindi linawasha, mheshimiwa."

Ofisa utumishi alitikisa kichwa kuthibitisha kwamba vumbi la mahindi kweli linawasha, akaandika. Mtu wa bima naye akaandika. Kwa muda mfupi sauti pekee mle ndani ilikuwa ya kalamu, zikiandika kwamba mtu mzima, baba wa mtoto mmoja, alikufa kwa sababu ndugu yake alitaka kujikuna.

"Na wewe, mama? Umesikia. Unakubaliana na maelezo haya, au una la kuongeza?"

Wakili hakumgusa, lakini mguu wake chini ya meza ulisogea. Dobi alikuwa na la kuongeza. Yalikuwa maneno machache tu, na aliyapanga kwa utaratibu: kamba ilikuwa fupi, nami ndiye niliyeiomba. Aliifikiria ada ya shule. Alimfikiria mwenye nyumba ya wageni na vidole vyake viwili. Zaidi ya vyote, na hilo ndilo lililomtia aibu baadaye, alifikiria jinsi wote wale watakavyomgeukia, yule kijana wa tai na yule wa bima, watakavyomtazama na kuelewa.

"Nakubaliana," alisema.

"Sauti, tafadhali. Nina mafua, sisikii vizuri."

"Nakubaliana, mheshimiwa."

Alipewa kalamu ya msuluhishi kwa kuwa ya wakili ilikuwa imekauka. Alipokuwa akitia saini, mtu wa bima alifungua jalada lake.

"Kuna utaratibu mmoja tu kabla ya malipo. Tutamtuma mtu mtaani kuzungumza na majirani. Si kwamba tunashuku. Ila tumewahi kupata familia zinazopanga: mmoja anajitoa kafara, halafu wanagawana. Kwa hiyo tunaangalia familia inaishije na aliyesababisha kifo." Alipekua ukurasa. "Naona hapa anwani zinafanana. Mnakaa nyumba moja?"

Wakili alikohoa.

"Kwa sasa," alisema.

*

Walirudi kila mtu na njia yake, ingawa hawakuwa wameambiana wafanye hivyo. Dobi alipofika, Shemeji alikuwa amekwisha kuwasili na amekaa sebuleni kwenye kigoda, amelivua koti na kulikunja mapajani. Mama yake alikuwa amefunga gunia la mkaa kabla ya wakati, jambo ambalo halikuwahi kutokea ila siku ya mazishi. Nje, kwenye bomba, wanawake walikuwa wamepanga ndoo.

"Haya," mama mkwe alisema. "Huyu nimemuuliza, hasemi. Mmekubaliana nini?"

"Watalipa, mama."

"Watalipa kwa kosa la nani?"

"Langu," Shemeji alisema. "Niliiacha kamba."

"Wewe sijakuuliza. Wewe ukipigwa huwa unaomba msamaha. Nakujua tangu unatambaa. Namuuliza mke wa mwanangu." Alikuwa mwanamke mfupi, na alimtazama Dobi kwa kuinua kidevu. "Mimi sijui sheria. Nilizaa wawili. Nataka kujua kama huyu aliyebaki alimwua yule. Ukiniambia ndiyo, nitaamini. Ukiniambia hapana, nitaamini. Baada ya hapo sitauliza tena."

Kwa mara ya pili siku ile Dobi aliulizwa swali lilelile, na safari hii hapakuwa na mtu aliyekuwa anamlipa. Alikaa chini sakafuni.

"Hakuiacha, mama. Kamba ilikuwa fupi. Mume wangu aliikata, akaniletea mimi nianikie nguo. Niliiomba mimi. Haikumfikisha alikokuwa anakwenda, akajifungua."

Alingoja kofi. Alilitaka. Mama mkwe hakuinua mkono. Alisugua weusi wa mkaa kwenye viganja, kiganja kwa kiganja, na uso wake haukuonyesha kitu kwa muda mrefu. Kisha ukaonyesha kwamba alikuwa anapiga hesabu.

"Umeshatia saini?"

"Nimeshatia."

"Kuna mtu wa kuja kuuliza?"

"Watamtuma kwa majirani. Anataka kuona tunaishije na shemeji."

"Tunaishije naye." Mama mkwe alisimama. "Basi hatuishi naye. Mama gani anakula sahani moja na aliyemwulia mwanawe? Nani atatuamini? Inuka, wewe. Kusanya vitu vyako."

"Mama, si umesikia shemeji alivyosema?" Shemeji aliuliza.

"Nimesikia. Na neno hilo lisirudiwe humu ndani, hata kwa ukuta." Alikuwa amekwisha kuingia chumbani kwa Shemeji, akatoka na begi lake na godoro lake jembamba, lile la sponji, limekunjwa chini ya kwapa. Aliongea kwa kunong'ona, akimsogelea karibu sana. "Utakwenda kwa mjomba wako. Usije hata ukisikia naumwa. Pesa zikiingia nitakuita mwenyewe. Sikiliza, nitapiga kelele kidogo. Usinijibu. Wewe toka tu."

"Kelele za nini?"

"Za wale," mama yake alisema, akaonyesha kwa kidevu upande wa bomba.

Akafungua mlango, akalitupa begi nje. Maneno ya kwanza yalikuwa mabaya kwa maana ya uigizaji: aliyasema kwa sauti ya mtu anayetangaza kupotea kwa kuku, na akitazama wanawake wa bombani badala ya mwanawe. Kwamba ondoka nyumbani kwangu. Kwamba sikutaki machoni pangu. Shemeji alipita mlangoni, na Dobi, aliyekuwa nyuma yao, aliona kwamba alikuwa karibu kucheka. Wanawake waligeuza shingo. Mmoja alifunga bomba ili asikie vizuri.

"Ulikuwa umeishika!" mama alipiga kelele. "Kwa mikono miwili! Ulikuwa juu, kwenye hewa, na mwenzako yuko chini!"

Shemeji aliinama kuokota begi.

"Ukamwona anajifungua ukakaa! Ukakaa ukimtazama! Ungeruka! Kwa nini hukuruka? Mimi ningeruka! Kwa nini mmoja anarudi nyumbani na mwingine anakatiwa bati? Nani aliwaambia mnirudishie huyu?"

Hayo hayakuwemo katika mpango. Shemeji aliinua kichwa, na kile kicheko kilichokuwa karibu kikawa kimeondoka. Alifungua mdomo. Alikumbuka ameambiwa asijibu, akaufunga. Mama yake alilishika godoro, akalitupa. Likamgonga miguuni na kujikunjua kwenye vumbi. Akaendelea. Alisema mambo ya utotoni ambayo hakuna aliyeyajua, nani alinyonya sana na nani alikuwa mwepesi wa kulia, na sauti yake ilikuwa imepanda mahali ambapo maneno hayakuwa na kazi tena.

Dobi alisimama kizingitini akingoja amalize. Alijaribu kukumbuka ni neno lipi lilikuwa la mwisho kusemwa kwa ajili ya majirani, akashindwa. Shemeji alilikunja godoro, akalifunga kwa mkanda wake wa suruali kwa sababu hakuwa na kitu kingine, akaondoka akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja. Hakugeuka. Wanawake walikuwa wameacha ndoo zao na wanakuja mbio. Wawili walimshika mama mkwe mabegani, na wa tatu, aliyekuwa mwepesi wa ulimi kuliko wote pale mtaani, alimvuta Dobi pembeni.

"Kumbe ni kweli?" alimuuliza. "Tulikuwa tunasikia, tukasema ni maneno ya watu. Kumbe ni kweli aliiacha?"

"Ni kweli," Dobi alisema.